Mtu Aliyejenga Mara Mbili Mahali Pamoja

Fungueni madaftari yenu, na mwalimu aandike ubaoni maneno manne ya somo letu: msanifu majengo, zege, rasi, uhamisho.

Msanifu majengo ni mtu anayefikiri na kuchora nyumba kabla fundi hajaweka jiwe la kwanza. Zege ni saruji iliyochanganywa na mchanga, kokoto na maji. Ikitiwa nondo ndani huwa na nguvu sana. Rasi ni nchi kavu iliyoingia majini, lakini upande mmoja imeshikamana na bara. Uhamisho ni kuondolewa kwenu kwa nguvu na kupelekwa kukaa mbali.

Leo tutasoma habari za msanifu majengo mmoja wa Armenia. Jina lake Gevorg Kochar. Armenia ni nchi ndogo ya milima, kusini ya Urusi na mashariki ya Uturuki. Mji wake mkuu ni Yerevan. Tangu zamani Waarmenia ni mafundi hodari wa kujenga kwa mawe.

Kochar alizaliwa mwaka 1901. Wakati wa ujana wake Armenia ikawa sehemu ya Umoja wa Kisovieti, dola kubwa iliyotawaliwa kutoka Moscow mpaka ilipovunjika mwaka 1991. Kijana huyu akaenda Moscow kusoma katika chuo kilichoitwa VKhUTEMAS. Huko walimu na wanafunzi walikuwa wakiuliza swali hili: Kwa nini nyumba ya leo ifanane na jumba la mfalme wa zamani? Sasa tuna zege, chuma na vioo vikubwa. Basi na tujenge kwa namna mpya, bila mapambo yasiyo na kazi. Nyumba ipate mwanga na hewa, na kila sehemu iwe na faida kwa anayeitumia.

Kochar alirudi Yerevan na mawazo hayo, pamoja na wenzake Karo Halabyan na Mikael Mazmanyan. Lakini mjini alikuwapo mzee mwenye heshima kubwa, Alexander Tamanian, aliyechora ramani ya Yerevan mwaka 1924. Tamanian alipenda mawe ya nchi na nakshi za mababu. Vijana walimpinga. Walisema kwamba watu wanahitaji nyumba na kumbi, si nakshi. Ubishi ulikuwa mkali.

Vijana wakapata kazi. Kati ya mwaka 1932 na 1935 Kochar na Mazmanyan walijenga nyumba ya mapumziko ya waandishi wa vitabu katika Ziwa Sevan. Ziwa hilo liko juu milimani, kama mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, yaani juu kuliko Nairobi. Wakati huo mahali penyewe palikuwa kisiwa. Juu yake yalikuwako makanisa ya kale ya watawa, yaliyoanzishwa mwaka 874. Chini ya makanisa hayo vijana wakasimamisha nyumba nyeupe, yenye baraza za mviringo zinazotazama maji. Mwaka 1936 sinema iitwayo Moskva, aliyoichora Kochar pamoja na Tiran Yerkanyan, ilifunguliwa Yerevan.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mwaka 1937 serikali ya Stalin ilikamata watu wengi mno katika nchi yote. Waandishi walikamatwa, na mshairi mkubwa Yeghishe Charents akafa gerezani mwaka huo huo. Kochar na Mazmanyan nao walikamatwa. Hawakuua mtu wala hawakuiba. Walishtakiwa kwa mambo ya siasa tu, wakapelekwa uhamishoni Norilsk.

Norilsk iko kaskazini kabisa ya Siberia. Wakati wa baridi jua halichomozi kwa wiki kadhaa. Udongo umeganda kama jiwe mwaka mzima. Ukijenga juu yake pasipo uangalifu, joto la nyumba huyeyusha udongo, na kuta hupasuka. Wafungwa ndio waliochimba madini ya nikeli huko, na wafungwa ndio waliojenga mji. Kochar na Mazmanyan walitakiwa kuchora majengo ya mji huo. Hivyo elimu yao haikufa, ingawa uhuru wao ulichukuliwa kwa zaidi ya miaka 15.

Stalin alifariki mwaka 1953. Baadaye wafungwa wengi waliondolewa lawama, na Kochar na Mazmanyan pia. Mwaka 1955 serikali ikaamuru mapambo ya gharama yaachwe katika majengo. Mawazo ya ujana wa Kochar yakawa yanafaa tena.

Hatimaye Kochar alirudi Armenia, akaombwa kujenga chumba cha kulia chakula na kupumzikia pale pale Sevan, kando ya nyumba yake ya kwanza. Lakini kisiwa hakikuwapo tena. Maji ya ziwa yalikuwa yakitolewa kwa umeme na kwa mashamba. Baada ya muda kina kilipungua kwa karibu mita 20. Kisiwa kikawa rasi, na mtu aliweza kufika kwa miguu.

Jengo hilo la pili lilijengwa kati ya mwaka 1963 na 1965. Nyuma limejishika mlimani, chini pana nguzo moja kubwa ya zege, na mbele chumba chote kimetokeza hewani, kikiwa na vioo vya mviringo kuelekea ziwani. Mtaelewa hivi: wekeni rula juu ya meza, nusu yake ipite ukingo. Bonyezeni upande wa nyuma kwa kidole. Upande wa mbele hauanguki. Mlima na nguzo hufanya kazi ya kidole hicho na meza.

Kochar alifariki mwaka 1973. Mwaka 2016 Getty Foundation ya Marekani ilitoa fedha ili wataalamu wachunguze namna ya kuyahifadhi majengo hayo mawili. Yangali yanasimama bega kwa bega: moja la kijana, moja la mtu mzima aliyerudi kutoka uhamishoni. Ukiyatazama, huoni alama ya miaka iliyopotea katikati. Ndiyo sababu tumekuelezeni.

Maswali ya kujibu daftarini:
1. Vijana walibishana na Tamanian juu ya nini?
2. Kwa nini ni vigumu kujenga Norilsk?
3. Kisiwa cha Sevan kiligeukaje kuwa rasi?
4. Wewe ungekubali kumjengea mji aliyekufunga? Zungumzeni darasani.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.