Wadudu wa Majini na Chumvi ya Rukwa

Wasikilizaji wetu wa Mpanda, leo twataka kuwaeleza habari za viumbe wadogo ambao wengi wetu huwapita bila kuwatazama, yaani wadudu waishio majini.

Ziwa Rukwa halina mto utokao. Jua huchukua maji yake, lakini magadi na chumvi hubaki. Basi ziwa likipungua, maji huzidi ukali. Nalo hubadilika sana: mwaka 1929 urefu wake ulikuwa kama maili 30, na mwaka 1939 kama maili 80. Mto Katuma, upitao katika Hifadhi ya Katavi kuelekea huko, umepungukiwa sana wakati wa kiangazi, kwa kuwa maji huzuiwa huko juu kwa ajili ya mashamba ya mpunga.

Kila mpishi ajua kwamba maharage yaliyolowekwa hunyonya maji, na samaki aliyetiwa chumvi hutoka maji. Mdudu wa mtoni ni kama maharage yale: damu yake ina chumvi kuliko mto, basi maji humwingia mchana na usiku. Huyatoa kwa mkojo mwepesi, na chumvi iliyompotea huivuta tena kutoka majini. Kiluwiluwi wa mbu ana vijani vinne mkiani kwa kazi hiyo. Mwaka 1933 mtaalamu Mwingereza, V. B. Wigglesworth, alieleza jinsi chumvi ivigusavyo; kiluwiluwi akikulia katika maji ya chumvichumvi, vijani vyake huwa vidogo.

Lakini chumvi ya nje ikiishinda ya damu, mdudu huwa kama samaki yule. Wengi hufa hapo. Wachache, kama viluwiluwi wa baadhi ya mbu na inzi wa maziwa ya chumvi, huyanywa maji yale yale, kisha huitoa chumvi kwa mkojo mkali kuliko maji yenyewe. Huko pwani mbu Anopheles merus, aenezaye malaria, hukulia katika maji ya chumvi ambayo ndugu yake Anopheles gambiae hayawezi.

Mbawakawa wa maji wana njia nyepesi zaidi: huruka kutafuta dimbwi jingine. Wanyonge ni watoto wa wale wadudu wepesi waishio siku chache tu wakiisha kuota mabawa. Watoto hao wana mikia mitatu, nao hushikamana na mawe ya mtoni. Chumvi ikizidi, hao ni miongoni mwa watoweka kwanza, na samaki hupungukiwa chakula kabla mvuvi hajaona badiliko lolote. Mwanafunzi atakaye kujua hali ya kijito chake na ageuze jiwe awatafute, mahali pasipo mamba wala kiboko.