Moto Kichaa Ukipanda Mlima: Nani Atamchukua Mgonjwa?

Kila mwaka, kuanzia Julai hadi mvua za vuli zinaposhika, nyasi za tambarare ya Same hukauka mpaka zikawa kama makapi. Upande huu wa magharibi wa milima, kuanzia Same mjini kupitia Makanya hadi Hedaru, mvua ni chache, na miteremko inayoelekea juu hukauka pamoja na tambarare. Ndiyo miezi ya kuandaa mashamba, na wapo wanaoyaandaa kwa kuchoma. Ndiyo miezi ya kurina asali kwa moshi na ya kuchoma mkaa. Moto mmoja ukimponyoka mwenyewe saa nane mchana, jioni unaweza kuwa umefika kwenye vitongoji ambavyo watu wake hawakujua hata ulikoanzia. Huo ndio tunaouita moto kichaa.

Kwa kawaida tukizungumza juu ya moto huu tunazungumzia msitu. Ni haki, kwa sababu maji ya vijiji vingi vya Upare Kusini yanatoka katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye mita zipatazo 2,460. Makala haya yanahusu upande mwingine: watu wanaoishi mlimani. Moto ukigeukia nyumba zao, wataondokaje, na ni nani atakayesahaulika?

Namna moto unavyotembea mlimani

Kwenye tambarare, moto unafuata upepo. Mlimani unafuata mteremko pia. Miali inayopanda inainamia majani yaliyo mbele yake, inayakausha na kuyapasha joto kabla haijayagusa. Wazima moto wa Australia wana kanuni ya kukadiria: kila mteremko unapoongezeka nyuzi 10, kasi ya moto unaopanda huongezeka takribani mara mbili. Kwa hiyo moto uliokuwa ukitembea kama mtu anayetembea taratibu pale bondeni unaweza kumshinda kijana mwenye mbio akiwa kwenye mteremko mkali. Binadamu akipanda anapunguza mwendo, moto ukipanda unaongeza.

Makorongo ni hatari zaidi. Korongo jembamba linavuta hewa ya moto kama bomba la moshi la jikoni, na mtu aliye juu yake anaweza kufikiwa na joto kali kabla ya miali yenyewe.

Tena upepo wa mlimani una saa zake. Mchana, jua likipasha miteremko, hewa hupanda. Usiku hewa baridi hushuka. Moto ulioonekana mchana ukielekea juu, mbali na kijiji, unaweza kurudi chini usiku wakati watu wamelala. Magogo na mawe yaliyoshika moto nayo hubingirika na kuwasha sehemu za chini.

Kutokana na hayo tunapata kanuni ya kwanza ya kuondoka: usikimbie kupanda mbele ya moto. Ondoka kwa kukata ubavuni mwa mlima, ukiuacha moto pembeni, kisha ushuke kuelekea mahali pasipo na kitu cha kuungua. Hata sehemu iliyokwisha kuungua na kupoa ni salama kuliko nyasi kavu, kwa sababu moto haurudi mahali usipopata chakula.

Tulichokiona kwa jirani yetu Kilimanjaro

Jumapili tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianza eneo la Whona, katika njia ya watalii kati ya vituo vya Mandara na Horombo kwenye Mlima Kilimanjaro. Taarifa ya awali ya TANAPA ilieleza kuwa ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Ukame na upepo ukausambaza. Hadi ulipodhibitiwa ulikuwa umeunguza eneo la kilomita za mraba 95.5.

Mamia ya watu walipanda kuuzima: askari wa hifadhi, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, na wananchi wa vijiji vya jirani. Wengi walifanya kazi kwa matawi, mapanga na majembe. Huo ndio mlima wenye watalii na hifadhi yenye askari wake, na bado kazi ilichukua siku nyingi. Tukubali ukweli huu tunapofikiria vitongoji vyetu. Hata gari la zimamoto likitoka Same mjini mara tu baada ya simu, lina barabara ya vumbi na kona za kupanda mbele yake, na mwisho wa barabara nyumba nyingi zinafikiwa kwa miguu. Saa ya kwanza ni ya kwetu wenyewe.

Hii haina maana tusiwaite. Namba ya dharura ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, na inapigwa mwanzoni kabisa, kabla watu hawajajaribu kwanza na kushindwa. Anayepiga aseme kijiji, kitongoji, barabara inayofikika, moto unaelekea wapi, na kama kuna watu waliozingirwa.

Kuondoka mapema

Tarehe 17 Juni 2017 moto ulizuka Pedrógão Grande, katikati ya Ureno, nchi yenye milima, vijiji vidogo na wazee wengi ambao watoto wao wamehamia mijini. Watu 66 walikufa. Kati yao 47 walifia kwenye barabara moja, ndani ya magari au karibu nayo, wakikimbia. Walichelewa kuondoka, moshi ukaziba njia, na barabara ilipita katikati ya miti iliyokuwa ikiungua.

Mwaka uliofuata Ureno ilianzisha mpango wa vijiji salama. Kila kijiji kinachoshiriki kinamteua mtu wake wa usalama, kinachagua jengo au uwanja wa kukimbilia, kinaonyesha njia za kutoka, na kufanya mazoezi. Mpango huo unategemea zaidi watu wanaofahamiana na waliokubaliana mapema kuliko mitambo ya gharama. Hilo Upare tunaliweza. Watu waliozoea kuitana kwa msaragambo kuchimba mfereji au kusafisha ndiva hawahitaji kufundishwa kufanya kazi pamoja.

Sheria ya nchi nayo imetayarisha nafasi. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi ya kijiji. Parokia haina sababu ya kuunda kamati ya kushindana nayo. Iulize tu kwa afisa mtendaji: kamati yetu ni nani, na sisi tusaidie wapi?

Mambo manne ya kukubaliana

Wazima moto wa misituni hufundishwa kutoingia kazini bila mambo manne. Familia na kitongoji vinaweza kuyatumia vilevile.

1. *Mlinzi.* Awepo mtu anayeutazama moto kutoka mahali panapoonekana vizuri na salama, hasa usiku. Kazi yake ni kutazama, si kuzima.

2. *Ishara.* Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini ni lazima watu waijue mbiu hiyo. Kengele ya kigango inayolia kama ya Misa itawaleta watu kanisani badala ya kuwaondoa. Kubalianeni mlio wa pekee. Na kwa kuwa majirani zetu ni Walutheri, Wasabato na Waislamu, mlio huo ujulikane kwao, na kipaza sauti cha msikiti kitoe tangazo lilelile. Simu zisitegemewe peke yake, maana mtandao haufiki kila bonde.

3. *Njia.* Kila nyumba ijue njia mbili. Ile ya kawaida ya kushuka inaweza kuwa ndiyo moto unakotokea. Njia ya pili ifyekwe kabla ya kiangazi.

4. *Mahali salama.* Uwanja wa mpira wa shule, shamba lililolimwa likawa udongo mtupu, shamba la umwagiliaji lenye mazao mabichi, au ukingo mpana wa ndiva usio na nyasi kavu. Kanisa linaweza kufaa likiwa la matofali na bati na uwanja wake umefagiliwa. Lakini tuyaangalie makanisa yetu kwa macho ya kweli. Baadhi yamejengwa kwenye migongo ya vilima, yamezungukwa na mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya mbao. Majani ya mkaratusi yana mafuta na huwaka kwa ukali. Kanisa la namna hiyo lisitajwe kuwa kimbilio mpaka miti iliyo karibu iondolewe.

Ikitokea njia zote zimefungwa, ingieni katika nyumba imara ya matofali ambayo pembeni yake pamefagiliwa, mfunge madirisha na milango, mkae chini mbali na ukuta unaotazamana na moto. Nyasi huungua kwa muda mfupi. Moto ukipita, au nyumba ikianza kushika, tokeni mwende kwenye sehemu iliyokwisha kuungua. Vaeni nguo za pamba na viatu vilivyofunika mguu. Nailoni huyeyuka kwenye ngozi.

Na mali? Katika Injili, Yesu anapozungumzia siku ya taabu, anasema aliye juu ya dari asishuke kuchukua vitu vyake, wala aliye shambani asirudi kuchukua vazi. Tunaweza kulichukua neno hilo kama lilivyo. Mbuzi na ng'ombe wafunguliwe kamba mapema. Vyeti, dawa na kadi za hospitali vikae katika mfuko mmoja kiangazi chote. Hakuna kurudi.

Orodha ambayo tayari tunayo

Wanaobaki nyuma moto unapokuja si wavivu. Ni bibi asiyeona, mzee aliyepooza, mama aliyejifungua juzi, mtoto mwenye ulemavu ambaye wazazi wako mnadani. Ofisi ya wilaya haiwezi kujua majina yao wote. Jumuiya Ndogo Ndogo inayajua. Kila Jumuiya inajua ni nani haji tena kwenye sala kwa sababu ya miguu, na ni nani hupelekewa Komunyo nyumbani. Orodha ya wagonjwa inayobebwa na padre au mhudumu wa Ekaristi ndiyo orodha ya watu wa kuondolewa kwanza.

Inachokosa ni safu moja tu: jina la atakayembeba. Kila mgonjwa aandikiwe watu wawili wanaoishi karibu naye, maana mmoja anaweza kuwa safarini. Aandikiwe pia atakavyobebwa: kwa mgongo, kwa bodaboda, au kwa machela. Machela ya nguzo mbili na blanketi imara inahitaji watu wanne kwenye njia za mlimani, kama wale wanne wa Injili ya Marko waliompandisha aliyepooza juu ya paa. Tukumbuke kwamba wanne wale walikuwa wamekwisha kupatana kabla hawajafika kwenye ile nyumba.

Orodha hiyo isiishie kwa Wakatoliki. Mgonjwa wa jirani ambaye hasali nasi aingizwe, kwa idhini ya familia yake. Msamaria Mwema hakuuliza dini ya aliyelala njiani.

Neno kwa mafrateri na vijana

Moto ukionekana, vijana ndio wa kwanza kukata matawi na kupanda. Moyo huo ni mzuri, lakini unahitaji kuongozwa. Tarehe 5 Agosti 1949, huko Mann Gulch katika jimbo la Montana, Marekani, kikosi cha vijana wenye nguvu na mafunzo ya kuzima moto wa msituni kilijikuta moto uko chini yao kwenye mteremko wa nyasi. Wakakimbia kupanda. Walikufa 13. Kiongozi wao, Wagner Dodge, aliwasha nyasi zilizokuwa mbele yake na kulala kifudifudi kwenye majivu, akapona. Sisi si watu wa kuijaribu mbinu hiyo. Tunachojifunza ni kwamba wala ujana wala mbio haziwezi kuushinda mteremko.

Kwa hiyo frateri aliye kwenye utume kigangoni asiwaongoze vijana kwenda juu ya moto. Awagawe: wengine kwenye orodha ya wagonjwa, wengine mahali salama kuhesabu wanaofika, mmoja kwenye simu. Atakayekwenda kuzima aende chini ya wanaojua kazi hiyo, na jina lake liandikwe kabla hajaondoka. Hata seminarini hesabu ni hiyohiyo: kila bweni lina mahali pa kukusanyika, na mwenye orodha ya majina hulala bweni humohumo.

Kabla ya kiangazi kijacho

Njia bora ya kuokoka moto ni kutouwasha. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaweka masharti juu ya kuchoma mimea, ikiwa ni pamoja na kupata kibali. Anayetaka kuchoma shamba amwone mtendaji, awaambie majirani, alime ukingo kwanza, na asiondoke mpaka majivu yapoe. Katika *Laudato si'* ya mwaka 2015, Papa Fransisko alifundisha kuwa kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Moto unaoteketeza chanzo cha maji Shengena na moto unaomkuta bibi kitandani ni moto mmoja.

Katika mkutano ujao wa Jumuiya, baada ya kushirikishana Neno, tengeni nusu saa. Someni majina ya wagonjwa wa eneo lenu. Kwa kila jina, waulizeni waliopo: nani atamchukua? Msifunge kwa sala ya mwisho mpaka kila jina liwe na watu wawili.