Viwavi wa kabichi: kwa nini dawa ya kila wiki haiwamalizi

Kwa wengi wanaolima kabichi na sukuma wiki katika bustani za nyumbani, matundu yanapoonekana kwenye majani, jawabu huwa moja: bomba la dawa. Wiki inayofuata matundu yamezidi, na dawa nayo huongezwa. Sababu ya hali hiyo imo katika maumbile ya mdudu mwenyewe.

Miongoni mwa waharibifu wakubwa wa mboga hizi katika Afrika Mashariki ni kiwavi wa nondo mgongo-almasi, aitwaye hivyo kwa alama zinazoonekana mgongoni anapokunja mabawa. Nondo jike hutaga mayai kwenye majani. Kiwavi ni mdogo, wa kijani. Akiguswa hujipindapinda kwa haraka, kisha hujiangusha na kuning'inia kwa uzi mwembamba. Penye joto, yai huweza kuwa nondo kamili katika muda wa wiki mbili au tatu.

Kwa kuwa vizazi hupishana upesi, usugu nao hujengeka upesi. Dawa huua walio dhaifu. Wachache wanaosalia huzaa wenye kuistahimili. Huko Java, Indonesia, usugu wa mdudu huyu dhidi ya DDT uliripotiwa tangu mwaka 1953.

Aidha, dawa kali huua nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi na kuwaangamiza. Mwaka 2002, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye makao yake Nairobi, kiliachia nyigu wa aina hiyo, walioletwa kutoka Taiwan, katika nyanda za juu za Kenya, na viwavi wakapungua. Penye dawa kali ya kila wiki, msaidizi huyo hadumu.

Afanyeje basi mwenye bustani? Kwanza, apindue majani mara mbili kwa wiki na kuponda mayai na viwavi kwa vidole. Pili, ang'oe mabaki mara baada ya mavuno, wala asipande miche mipya kando ya kabichi kuukuu. Tatu, viwavi wakizidi, atumie dawa ya mwarobaini au ile ya bakteria iitwayo Bt, ambayo huua viwavi walao jani lililopuliziwa na kuwaacha nyigu. Zote mbili huharibiwa na jua, hivyo zipuliziwe jioni, na upande wa chini wa majani usisahauliwe.

Anayelazimika kutumia dawa ya viwandani asome kibandiko cha chupa: kinaeleza kipimo na idadi ya siku za kungoja kabla ya kuvuna. Siku hizo hazipunguzwi kwa sababu soko ni kesho. Mboga ikivunwa mapema, sumu iliyokusudiwa kiwavi huishia katika sahani ya mlaji.