Kuruka Bila Kuona Nje: Mazoezi ya Simuleta Nyumbani Migori na Homa Bay

Kuongoza ndege kwa vyombo ni kuirusha bila kuona upeo, ardhi wala ziwa, rubani akitegemea saa zilizo mbele yake na redio sikioni. Ujuzi huu hufunzwa angani na mwalimu mwenye leseni. Hata hivyo sehemu yake kubwa, ile ya macho na akili, huweza kuzoezwa mezani nyumbani kwa kompyuta yenye programu ya simuleta. Shule nyingi za urubani nchini Kenya ziko Uwanja wa Wilson, Nairobi. Mwanafunzi aliyerudi likizo Awendo, Rongo au Mbita hana darasa lililo karibu kuliko meza hiyo.

Haja ya mafunzo haya inatokana na umbile la sikio. Ndani yake mna vifereji vyenye umajimaji unaouarifu ubongo mwili unapogeuka. Ndege ikianza kulala upande polepole, umajimaji hausukumwi vya kutosha na mtu hahisi chochote. Ikidumu katika kona, umajimaji hutulia na mwili huamini kwamba ndege imenyooka. Rubani akiinyoosha kwelikweli, mwili humwambia kwamba sasa analalia upande wa pili. Akiusikiliza, anairudisha kwenye kona, pua inashuka na mwendo unazidi. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwapima marubani 20 wasio na mafunzo ya vyombo kwa kuwaziba wasione nje. Wote walishindwa kuidhibiti ndege, kwa wastani baada ya sekunde 178. Sufuria ya chai haichemki kwa muda huo.

Wazo la kufunzia jambo hili ardhini si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Edwin Link wa Binghamton, New York, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha kinanda, aliunda kijindege cha mafunzo kilichoinamishwa na mivukuto kama ile ya kinanda. Jeshi la Marekani lilivinunua vya kwanza 6 mwaka 1934, baada ya marubani wake waliobeba barua kufa katika hali mbaya ya hewa. Simuleta ya Microsoft kwa kompyuta za kawaida ilitoka mwaka 1982. Leo zipo pia X-Plane na FlightGear, na hii ya mwisho hailipiwi hata senti.

Uchaguzi wa programu usimsumbue sana anayejifunza vyombo. Matoleo mapya ya Microsoft huvuta picha za ardhi kutoka intaneti na kula bando kwa pupa, ilhali X-Plane na FlightGear hufanya kazi na faili zilizokwisha kupakuliwa. Uzuri wa picha hauna faida hapa, kwa kuwa wingu ni la kijivu kila mahali. Usukani wa mezani wa bei nafuu na kompyuta yenye betri nzima, ili zoezi lisikatike stima inapopotea, vinatosha kuanzia.

Kinachozoezwa kwanza ni mwendo wa macho. Katikati ya dashibodi ya ndege ndogo kuna upeo bandia, chombo kinachochora ardhi na anga jinsi vinavyopaswa kuonekana nje. Jicho huanzia hapo, hutoka kwenda kwenye kipima mwendo, kipima kimo, dira ya jairo, kipima kona au kipima kupanda na kushuka, na kila mara hurudi hapo. Kosa la wanaoanza ni kukodolea macho chombo kimoja, kwa kawaida kipima kimo, huku dira ikiteleza digrii 20. Zoezi la mwanzo ni dakika kumi za kuruka moja kwa moja bila kupanda wala kushuka ndani ya wingu, kimo kisipotoke zaidi ya futi 100 wala uelekeo zaidi ya digrii 10. Hufuata kona ya digrii 3 kwa sekunde, ambayo humaliza duara zima kwa dakika 2 kamili. Saa ya ukutani huonyesha kama mkono umetulia.

Kisha vyombo huharibiwa kwa makusudi, na hapa simuleta huzaa faida ambayo ndege halisi hutoa kwa shida. Katika ndege nyingi ndogo za zamani, upeo bandia na dira ya jairo huendeshwa na pampu moja ya kufyonza hewa, kwa hiyo pampu ikifa vyote viwili huenda pamoja. Havizimiki ghafla; hulegea polepole na kuendelea kusema uongo. Programu inaweza kuagizwa iue pampu wakati wowote bila taarifa. Rubani hujifunza kugundua kwamba upeo unapingana na saa nyingine, kuuziba kwa kipande cha karatasi, na kuendelea kwa kipima kona, kipima mwendo na kipima kimo.

Vitabu vingi vya mafunzo vimeandikwa kwa viwanja vilivyo karibu na usawa wa bahari, na hilo humpotosha mwanafunzi wa Nyanza. Uso wa Ziwa Victoria, Nam Lolwe kwa Wajaluo, uko zaidi ya futi 3,700 juu ya bahari. Ndege iliyosimama Kisumu ikiwa imewekewa kanieneo sahihi husoma kiasi hicho, haisomi sifuri. Kukosea hektopaskali 10 ni kukosea karibu futi 300. Aidha hewa nyepesi huifanya ndege iende kasi kuliko saa inavyosema, takriban asilimia 2 kwa kila futi 1,000. Mwendo wa noti 90 (maili za baharini kwa saa) kwenye kipima mwendo huwa karibu 97 hewani, na kwa mteremko wa kawaida wa digrii 3 rubani hushuka futi 485 kwa dakika badala ya 450.

Hali ya hewa nayo ina ratiba yake. Mchana upepo wa ziwa huingia nchi kavu na kukutana na upepo wa mashariki, mawingu ya radi yakajengeka alasiri juu ya Kisii, Nyamira na Kericho. Usiku upepo hugeuka kutoka nchi kavu na radi huhamia ziwani, jambo ambalo wavuvi wa omena wanaotoka na taa zao wanalijua kuliko mtu yeyote. Simuleta inayowekewa anga safi saa nne asubuhi kila siku haimfundishi mtu kitu kuhusu safari ya saa kumi jioni.

Zoezi lenye maana zaidi katika eneo hili ni la kutoka Kisumu kwenda Kabunde, Homa Bay, au kuendelea hadi Lichota, Migori. Kisumu ina mnara na taratibu rasmi za kutua kwa vyombo. Kabunde na Lichota hutuliwa kwa macho. Njiani kuna Mlima Homa, unaopita mita 1,700, na magharibi zaidi vilima vya Gwassi vinavyovuka mita 2,000. GPS huonyesha Kabunde kwa usahihi wa kuvutia, na kishawishi cha kupenya wingu kidogo tu ni kikubwa. Lakini GPS husema uwanja uko wapi. Haisemi rubani anaruhusiwa kushuka hadi wapi. Utaratibu rasmi huchorwa na wataalamu waliopima kila kilima na kila mlingoti, wakaweka kimo ambacho haifai kushuka chini yake bila kuuona uwanja. Mstari ambao rubani amejichorea mwenyewe hauna kipimo hicho.

Hatari ya simuleta iko hapo hapo. Mteremko wa kubahatisha kwenda Kabunde mara nyingi hufaulu kwenye kioo, na ukishindikana kitufe kimoja huurudisha mchezo mwanzo. Baada ya kufaulu mara kumi, mkono huanza kuamini. Tarehe 5 Juni 2018, Cessna 208 iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare, na watu wote 10 waliokuwamo walikufa. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilianguka katika Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43, walikufa 19. Kila ajali ina mlolongo wake wa sababu, lakini zote mbili zilitokea katika mazingira kama haya ya milima au ziwa na mawingu ya ghafla.

Kwa hiyo zoezi hupangwa liishie kwa kurudi. Wingu huwekwa futi 500 juu ya Kabunde na radi huwekwa upande wa Kisii. Kabla ya kuruka, rubani huandika kimo ambacho hatashuka chini yake, na mafuta ya kwenda, kurudi Kisumu na dakika 45 za ziada. Umbali ni maili za baharini zaidi kidogo ya 30, kama dakika 20 kwa noti 100. Akifika juu ya Kabunde bila kuona ardhi, hupanda, hugeuka na kufuata utaratibu wa Kisumu, huku akitamka kwa sauti maneno ya redio ambayo angemwambia mwongozaji. Kitufe cha kusimamisha hakiguswi, maana angani hakipo.

Saa hizi hazihesabiwi kwenye leseni. Kiwango cha kimataifa cha kibali cha vyombo ni saa 40, na kati yake 20 zinaweza kufanywa ardhini, au 30 panapotumika simuleta kamili, mradi mitambo hiyo imeidhinishwa na mamlaka ya anga. Kompyuta ya sebuleni haimo. Wala haiwezi kulitikisa sikio: mwanafunzi aliyekaa kitini Oyugis hahisi mwili ukimdanganya, na vita hivyo atavikuta mara ya kwanza angani, mwalimu akiwa pembeni. Kinachobaki ni macho yaliyokwisha kuzoea kuzunguka, na daftari lenye safari za Kabunde, kila moja ikiwa na dakika ambayo rubani aliamua kugeuka.