Nyigu Mwinda-Nyuki

Aghalabu nyigu hujulikana kwa kundi lake, lile lijengalo chini ya mapaa na kumwangukia kwa pamoja kila apitaye karibu. Lakini walio wengi katika jamaa zake hawana malkia wala askari, bali kila jike huishi peke yake, na kazi yote ya uzazi, tangu kuchimba hata kulisha, ni juu yake mwenyewe. Mmoja wao ni yule ambaye wataalamu humwita Philanthus triangulum, mkaaji wa mahali penye mchanga katika Ulaya na Afrika, ambaye riziki ya wanawe ni nyuki wa asali.

Jike humkamata nyuki mauani, akamdunga mwiba nyuma ya miguu ya mbele, pasipo na gamba gumu la kumkinga, na nyuki hupooza pasipo kufa. Kisha humkamua mpaka mbochi alioubeba umtoke kinywani, akauramba. Maana nyigu mzima hula mbochi, na nyama huwaachia watoto, katika tundu alilolichimba mchangani.

Lakini katika uwanja uliojaa matundu, naye akitoka hulifukia lake, hulijuaje arudipo? Niko Tinbergen, Mholanzi aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na Konrad Lorenz na Karl von Frisch, alilitafutia swali hili jawabu akali kijana, katika machanga ya Hulshorst nchini kwake. Aliuzungushia mlango matunda makavu ya msonobari, na nyigu alipokwisha kuyazoea akaenda kuwinda, aliyahamishia kando, yakiwa duara vilevile. Mwenye nyumba aliporudi alishuka katikati ya duara, akahangaika kutafuta mlango usiokuwapo. Yaliporejeshwa mahali pake, akaingia kwake bila taabu. Ikadhihirika kwamba aongozwa na alama za jirani, ambazo huzihifadhi kwa macho katika mizunguko michache arukayo kabla ya safari.

Huko chini tunduni mna adui, nao ni unyevu, uoteshao kuvu juu ya nyama kwa muda mfupi. Kwa sababu hiyo mama humpaka kila nyuki mafuta yatokayo kichwani mwake, ili umande usimgande. Kisha hutaga yai katika chumba cha tundu; lisilorutubishwa huwa dume, naye huwekewa akiba haba. Jike, aliye mkubwa zaidi, huwekewa nyuki hata watano.

Mama pia hupaka chumbani ute mweupe kutoka vipapasioni mwake, uliojaa bakteria wa jamaa moja na wale ambao binadamu alipata kwao dawa ya streptomisini. Mtoto akiisha kula huwatia katika kifukofuko chake, wakamlinda na kuvu muda wote alalapo. Na ute uo huo humjulisha upande wa kutokea siku atakapokuwa mzima. Basi huyu aishiye kwa alama huwawekea alama hata wanawe, ambao kwa desturi hataishi kuwaona.