Kabla ya kumwita mkaidi, mwekee vikombe viwili

Umewahi kubadilisha PIN ya M-Pesa? Basi unajua yaliyokupata kesho yake. Uko dukani, watu wamepanga foleni nyuma yako, na kidole kimeshaandika namba ya zamani. Unarudia. Ya zamani tena. Ukikosea mara ya tatu PIN inafungwa, na mwenye duka ameanza kukuangalia kwa jicho la pembeni. Namba mpya unaijua vizuri sana. Ulichokosa hapo ni kitu ambacho wataalamu wa ubongo wanakiita unyumbufu wa tabia, yaani uwezo wa kuacha njia uliyoizoea ikikataa, ukashika nyingine.

Kwako hiyo ni aibu ya dakika moja. Kuna watoto wanaoishi hivyo kutwa nzima.

Kwetu ni Sigor, Bomet. (Watu wa Nairobi wakisikia Bomet wanaona majani chai tu. Chai iko juu huko, Konoin na upande wa Kericho. Sisi tuko chini, Chepalungu, kwenye jua, na mahindi yetu na ng'ombe.) Jirani yetu ana mtoto wa miaka kama sita ambaye chai hunywa kwa kikombe kimoja tu, cha plastiki, cha bluu. Kikombe kikikosekana, hanywi. Akienda dukani kwa njia ya juu lazima arudi kwa njia ya juu. Siku mvua imeharibu barabara na mama akapita ya chini, mtoto hulala kwenye matope akapiga nduru mpaka watu watoke kwa nyumba zao. Na unajua watu husema nini. Ana kichwa ngumu. Mama yake amemdekeza. Mchape kidogo ataacha. Wazee wengine hushusha sauti na kutaja laana.

Mimi chuo niliacha nikiwa mwaka wa pili, kwa hivyo usitarajie niongee kama daktari. Lakini bando ninayo, na nimekesha usiku kadhaa nikisoma vile watu wamechunguza hii kitu.

Ilianza zamani. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, aliandika kuhusu watoto 11 aliowaona. Kitu kimoja alichokikazia ni kwamba watoto hao walitaka kila kitu kibaki kama kilivyokuwa. Kiti kikisogezwa ni kilio, njia ikibadilishwa ni kilio. Hali hiyo leo tunaiita usonji. Soma maelezo yake halafu nenda Sigor ukaone kile kikombe cha bluu.

Miaka mitano baadaye, 1948, Wamarekani wengine walitoa mchezo wa kadi ambao unatumika mpaka leo. Kadi zina maumbo, rangi na idadi tofauti. Unapanga, na mwenzako anakwambia tu "sawa" au "si sawa". Sheria huambiwi. Ukishang'amua kwamba kinachotakiwa ni rangi, na ukapata mara kumi mfululizo, sheria inabadilishwa kimyakimya. Sasa ni umbo. Wengi wetu tunakosea mara mbili tatu, tunakuna kichwa, tunageuka. Mwaka 1963 Brenda Milner, akiwa Montreal, Kanada, aliwapa kadi hizo wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa ubongo kwa sababu ya kifafa. Walioondolewa kipande cha sehemu ya mbele, ile iliyo nyuma ya paji la uso, waliendelea kupanga kwa rangi. Wanaambiwa si sawa, wanapanga kwa rangi tena.

Halafu mwaka 2004 watafiti wa Cambridge, Uingereza, wakaingia ndani zaidi. Walichukua tumbili wadogo wanaoitwa marmoset, wakapunguza kemikali ya serotonini kwenye sehemu hiyo ya mbele ya ubongo. Tumbili waliweza kujifunza kwamba kati ya picha mbili, hii ndiyo ina zawadi. Kujifunza hakukuwa shida. Shida ilikuja zawadi ilipohamishwa kwenye picha ya pili: wao wakaendelea kurudi kwa ile ya kwanza, na mikono mitupu.

Usonji hauwezi kuelezwa kwa kemikali moja, na mtoto wa jirani si tumbili, kwa hivyo tafadhali usikimbilie duka la dawa. Kilichonigusa ni kwamba kujua na kugeuka ni kazi mbili tofauti za ubongo. Mtoto anaweza kujua kabisa kwamba njia ya chini inafika nyumbani, na bado ashindwe kugeuka. Ukimchapa unamfundisha kitu anachokijua tayari.

Sasa utaniambia hayo ni mambo ya Cambridge na tumbili, sisi tuko Sigor. Haya, twende Kilifi.

Huko Pwani kuna mpango wa utafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, ulioanza 1989. Watu wengi wanaujua kwa malaria, lakini kwa miaka mingi umekuwa ukichunguza pia ubongo wa watoto. Utafiti wao uliotoka 2006 uliangalia watoto wa miaka 6 hadi 9 na kukuta kwamba 61 kati ya kila 1,000 walikuwa na tatizo la neva la kiwango cha kati au kikali: kifafa, shida ya kufikiri, kusikia, viungo, kuona. Piga hesabu. Kwa shule ya wanafunzi 500 hao ni kama 30.

Na kuna ile kazi ya vikombe. Ni mchezo uliobuniwa na Jean Piaget, Mswisi aliyechunguza vile watoto wanavyofikiri. Unaficha kitu chini ya kikombe cha kwanza, mtoto akiona. Anakipata. Unarudia, anakipata. Kisha, bado akiona, unakificha chini ya kikombe cha pili. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mara nyingi atanyoosha mkono kwa kikombe cha kwanza, ile PIN ya zamani. Akikua, anaacha. Profesa Amina Abubakar, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Aga Khan, pamoja na wenzake kama Penny Holding na Charles Newton, walitumia aina ya mchezo huo Kilifi kwa watoto wa miezi 6 hadi 35. Walikuwa 319 kutoka kijijini, 17 waliozaliwa na mama wenye HIV lakini wao hawana, na 31 wenye virusi ambao hawakuwa wameanza dawa. Matokeo yalitoka 2013.

Kwa makosa, makundi hayo hayakutofautiana. Lakini watoto wengi hawakumaliza mchezo. Walilia, walikasirika, wakakataa kuendelea. Waliokatiza zaidi ni walio chini ya miaka miwili, na wale ambao HIV iliwagusa, wawe na virusi au wasiwe navyo. Makundi hayo mawili ni madogo, na wenyewe waliuita utafiti wa awali. Lakini mimi hapo nilisimama. Mtu mwingine angewafuta hao watoto kwenye orodha, aandike "walisumbua", aende zake. Hawa walihesabu kilio. Waliuliza ni nani anayekataa, na wakati gani.

Ni nani Sigor anahesabu kilio? Mwalimu ana watoto 60 kwa darasa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamkataza kuchapa, na wewe na mimi tunajua kiboko hakijaisha. Na tusijidanganye kwamba laana ni mambo ya wazee wetu tu: utafiti uliotoka 2015, uliohoji wazazi na wataalamu wa Pwani kuhusu chanzo cha usonji, ulikuta pepo na uchawi vikitajwa, sambamba na matatizo ya kuzaliwa na ya kurithi.

Kwa hayo ya kurithi, kuna mradi wa NeuroDev uliochukua sampuli za vinasaba Kilifi na Cape Town, kwa sababu utafiti mwingi wa vinasaba duniani umefanywa kwa Wazungu. Sawa, tutangoja. Ila mama wa Sigor hawezi kungoja.

Anachoweza kufanya leo hakihitaji maabara. Kama njia itabadilika kesho, mwambie mtoto leo usiku, na asubuhi umwambie tena. Mwonyeshe kwa picha kama maneno hayamfikii. Badilisha kitu kimoja kwa wakati: njia mpya, lakini kikombe kile kile. Na amtafutie tathmini. Serikali ina vituo vya tathmini ya elimu, vile vinavyoitwa EARC, vilivyoanza 1984, ambapo mtoto hupimwa na mzazi kuelekezwa shule au huduma inayomfaa. Hospitali ya kaunti iko Longisa, na Tenwek iko karibu na mji wa Bomet.

Lakini hebu fikiria hiyo siku yenyewe. Mtoto anaamshwa alfajiri, saa ambayo hajaizoea. Anapandishwa boda, halafu matatu iliyojaa. Anafikishwa kwenye chumba chenye harufu ya dawa, na mtu asiyemjua anamwambia kwa Kiswahili akae kwenye kiti, wakati nyumbani anasikia Kipsigis. Akipiga nduru hapo, aliye mbele yake aandike nini? Mama ajue kusema: hivi ndivyo huwa tukibadilisha njia. Na kile kikombe cha bluu akibebe kwa mkoba.