Mashine Kongwe, Ubongo Mpya: Kuitafuta Hitilafu ya Kipimo katika Karakana ya Kisugu

Kisugu, mtaa wa tarafa ya Makindye mjini Kampala, umekaa baina ya kilima cha Muyenga na bonde la Namuwongo ipitamo reli, karibu na eneo la viwanda; na jirani zake ni watu wa kazi za mikono, kwani Nsambya hujulikana kwa samani zipangwazo kando ya njia, Ndeeba kwa mbao, na Katwe kwa mafundi wa vyuma ambao tangu zamani wameunda kwa mikono yao mashine ambazo wengine huziagiza ng'ambo. Fundi seremala wa mtaa kama huu, akiwaza kuikuza kazi yake, aghalabu hufikiria mashine ya CNC, yaani rauta iongozwayo na kompyuta, ambayo hukata mbao na kuchonga nakshi kwa kufuata hesabu iliyoandikwa. Na kwa kuwa mpya huuzwa kwa thamani isiyofikiwa na wengi, hutafuta iliyokwisha kutumika miaka mingi ughaibuni, ikashushwa bandarini Mombasa na kupandishwa bara, mwili wake ukiwa mzima na kompyuta yake ikiwa imekufa.

Hapo ndipo huanza kazi ya kuihuisha. Kabati la zamani la umeme hung'olewa, kompyuta mpya hufungwa, pengine pamoja na programu ya LinuxCNC ambayo hupatikana bila malipo, mota hubadilishwa, na mashine iliyokuwa kimya huanza kutembea. Furaha ya siku hiyo ni kubwa, walakini huwa haidumu, kwa maana mlango wa kabati uliokusudiwa kuwa na upana wa milimita 600 hutoka na 603, duara hutoka kama yai, na nakshi iliyoanzia katikati ya ubao humalizikia pembeni. Fundi hubadilisha mota, kisha draiva, yaani kifaa kiipacho mota umeme, kisha kompyuta, na hitilafu hubaki palepale.

Ninalotaka kulithibitisha ni kwamba hitilafu ya kipimo haiji kwa bahati mbaya, na kwamba kila hitilafu ina tabia yake, nayo tabia hiyo huonyesha ilikotoka. Mwenye kuisoma tabia kabla ya kushika spana huziokoa fedha ambazo mwenziwe huzimwaga katika kununua vipuri vipya mahali pa vile visivyo na kosa.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi mashine hizi zinavyofikiri. Wazo la kuiongoza mashine kwa nambari lilianza kwa John Parsons wa jimbo la Michigan huko Marekani, na mwaka 1952 maabara ya chuo cha MIT ilionyesha hadharani mashine ya kukata chuma iliyosoma amri zake katika utepe wa karatasi wenye matundu. Tangu siku ile asili ya kazi haijabadilika: kompyuta hutoa mapigo ya umeme, kila pigo huizungusha mota hatua moja ndogo, na mzunguko huo hugeuzwa na skrubu ndefu, au na gia itembeayo juu ya reli yenye meno, kuwa mwendo wa kichwa cha kukatia. Kompyuta ya mashine zenye mota za hatua, ambazo mafundi huziita stepa, haioni kichwa kilipo. Huhesabu mapigo na kuamini kwamba yote yametiiwa. Kwa hiyo hitilafu haina budi kuwa katika mahali pamoja kati ya patatu: hesabu yenyewe, utiifu wa mota, au chuma kinachopokea mwendo.

Kabla ya yote, fundi na aiulize mashine swali moja: je, hurudia? Afunge juu ya meza saa ya kupimia, ile yenye mshale unaoonyesha sehemu za mia za milimita, akisogeze kichwa hadi kiguse ncha yake, kisha akipeleke mbali milimita 300 na kukirudisha kwa kupitia upande uleule, mara kumi, huku akiandika kila usomaji. Mshale ukirejea daima palepale, mashine hiyo ni ya kutumainiwa hata kama vipimo vyake ni vya uongo, maana kosa lisilobadilika hurekebishika. Na mshale ukitangatanga, basi kurekebisha hesabu ni kazi bure, kwa sababu kuna kitu kilicholegea au kinachopoteza mapigo, nacho lazima kitafutwe kwanza. Jaribio hili lifanywe bila kukata ubao, ili kosa la mwendo lisichanganyike na kosa la kisu.

Tuanze na kosa lile likuwalo kwa kadiri ya urefu. Kipande cha milimita 100 kikizidi kwa 1.6, na cha 1,000 kikizidi kwa 16, hesabu ya mapigo ndiyo yenye dosari, na mfano wake ni fundi cherehani ambaye utepe wake umenyumbuka: nguo zote zitakosea, ndefu kwa mengi na fupi kwa machache. Mota ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Draiva ikizigawa mara nane huwa 1,600. Na skrubu ikisogea milimita 5 kwa mzunguko, kompyuta yatakiwa iambiwe mapigo 320 kwa kila milimita. Lakini mashine nyingi kongwe zilijengwa kwa inchi, na skrubu yenye nyuzi tano kwa inchi haisogei milimita 5, husogea 5.08; na tafauti hiyo ambayo jicho halioni ndiyo izaayo zile milimita 16 katika kila mita. Vivyo hivyo kwa gia na reli yenye meno: gia ya meno 20 ya moduli 1.5 husogea milimita 94.248, na mwenye kuandika 94 kwa kupenda wepesi wa hesabu atalipata kosa la zaidi ya milimita 6 katika bamba la plaiwudi lenye urefu wa 2,440. Dawa yake haina gharama: kupima safari ndefu kuliko zote mashine iwezazo, kugawanya, na kuandika nambari sahihi.

Kosa la pili ni lile lisilokua kwa urefu bali hutokea kila kichwa kigeukapo. Huu ni ulegevu baina ya skrubu na nati yake, au baina ya meno na meno, ambao mafundi wa gereji huuita pleyi. Hupimwa kwa saa ileile: kichwa kipelekwe upande mmoja hadi mshale usogee, kisha kiamriwe kurudi kidogo kidogo hadi mshale utikisike; kiasi ambacho amri imepita bila mshale kutikisika ndicho kiasi cha ulegevu. Wengi hapo huilaumu nati, wakati mara nyingi kilicholegea ni beringi ya mwisho wa skrubu, au kiungo kinachoifunga mota na skrubu, na kukaza nati ya kufungia beringi kwaweza kumaliza shida nzima. Programu nazo huwa na njia ya kufidia ulegevu kwa kuongeza mapigo kila mwendo unapogeuka, nayo hufaa pale palipobaki kidogo baada ya chuma kutengenezwa. Lakini kuitegemea badala ya matengenezo ni hatari, kwa kuwa kichwa kilicholegea husukumwa na kisu chenyewe wakati wa kukata, na hesabu haiwezi kukizuia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na maneno hayo yamewasadifu wenye kuficha ulegevu kwa programu.

Kosa la tatu ndilo lisumbualo kupita yote, nalo ni la mapigo yapoteayo: kazi huanza vizuri, kisha kidogo kidogo huhama, na kichwa kikirudishwa nyumbani hakirudi pale kilipoanzia. Hapa kuna ishara moja ambayo wachache huifahamu. Mota ya hatua 200 ikishindwa na mzigo na kuteleza, haitelezi kwa kiasi chochote. Hujishika tena baada ya hatua nne kamili au mafungu ya nne, na kwa skrubu ya milimita 5 hizo ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Basi uhamaji ukionekana kuruka kwa sehemu za kumi, mota imezidiwa: ama mwendo umepandishwa haraka mno, ama njia za kutelezea zimejaa vumbi na gundi, ama volti za draiva ni chache, kwa maana nguvu ya stepa hupungua kadiri mwendo uongezekavyo. Uhamaji ukiwa mdogo sana, wa kuelekea upande mmoja, na kukua kwa idadi ya migeuko kuliko kwa urefu wa safari, shaka iangukie mpangilio wa mapigo: draiva husoma pigo linapopanda au linaposhuka, na kompyuta iliyopangwa kinyume hubadili amri ya mwelekeo papo hapo pigo lisomwapo, hatua moja ikaenda kombo. Hatua moja ndogo ni kama 0.003 ya milimita, kitu kisichohisiwa. Lakini nakshi ya maua hugeuza kichwa maelfu ya mara, na ikipotea hatua moja katika kila kwenda na kurudi, safari 1,000 huwa zimekula milimita 3. Fundi aweza kununua mota mpya nne kwa ajili ya kosa linaloondolewa kwa kubadili alama moja katika programu.

Umeme nao una sehemu yake. Uganda hutumia volti 240 na hezi 50, ilhali mashine iliyotoka Japani huenda iliundwa kwa volti 200, na ya Marekani kwa hezi 60. Kwa hiyo transfoma ichaguliwe kwa kusoma kibati cha mashine, si kwa kukisia. Mota ya kisu inayoendeshwa na inveta hutupa kelele za umeme katika nyaya za jirani, na kelele hiyo huweza kusomwa kama pigo au kama swichi iliyoguswa. Nyaya za inveta zipitishwe mbali na nyaya za amri, na ganda la waya wa amri lifungwe ardhini kwa upande mmoja tu. Ithibati ni rahisi: kazi ileile iendeshwe hewani, kisu kikizunguka, kisha kikiwa kimezimwa; uhamaji ukitokea katika hali ya kwanza peke yake, mkosaji amekwisha kujulikana.

Kosa la nne ni la pembe. Fundi na achore kwa mashine mstatili wa milimita 900 kwa 1,200, kisha apime kutoka pembe hadi pembe, na kila ulalo wapaswa kuwa 1,500 barabara. Ulalo mmoja ukiuzidi mwingine kwa milimita 2, daraja libebalo kichwa limekaa upande, na katika urefu wa 900 litakuwa limepotoka kwa milimita moja na robo, kiasi cha kutosha kuukwamisha mlango wa kabati. Daraja lenye mota mbili, moja kila upande, laweza kupindika kila mota moja ipotezapo mapigo, hivyo kila upande upewe swichi yake ya nyumbani, na mashine ijinyooshe kila asubuhi.

Kwa asiye na vyombo vingi, duara moja kubwa lililokatwa polepole hutoa habari za makosa matatu kwa pamoja. Likirefuka sambamba na mojawapo ya pande za meza, hesabu ya mapigo ya upande mmoja ina dosari. Likirefuka kimshazari, pembe ya daraja si mraba. Na likiwa na vidaraja vidogo mahali pane ambapo mwendo hugeuka, huo ni ulegevu.

Kuna jambo jingine ambalo hupotea kimyakimya siku kabati la zamani linapong'olewa. Waundaji wa mashine bora walipima skrubu yake kiwandani, wakaandika makosa yake madogo kipande kwa kipande, na kuyaweka katika kumbukumbu ya kompyuta ili yafidiwe. Na kumbukumbu hiyo katika mashine nyingi hulindwa na betri. Betri ikifa, au kabati likiuzwa kwa chuma chakavu, maarifa hayo hufutika, na mashine yenye ubongo mpya huwa na usahihi mdogo kuliko ilipokuwa na ule mkongwe. Basi anayenunua mashine ambayo kompyuta yake ingali inawaka anakili nambari zote kabla hajagusa waya, hata kama hajui maana yake. Na aliyeikuta imekufa hana budi kuipima skrubu upya na kujaza jedwali la fidia kwa mkono wake.

Mwisho tusiidai mashine yasiyo yake. Skrubu ya chuma ya mita moja hurefuka kama 0.12 ya milimita joto lipandapo nyuzi 10, na tafauti kama hiyo baina ya alfajiri na alasiri si ngeni Kampala. Ubao nao hunywa unyevu wa mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba, ukatanuka kukata nyuzi zake na kubaki karibu vilevile kwa urefu, hata kipande kilichokatwa sawasawa siku ya jua kikaonekana kimekosea wiki ya mvua. Na kisu kilichonolewa mara nyingi hupungua kipenyo, nacho kipimwe kila kinolewapo.

Kwa sababu hizi zote, chombo cha kwanza cha mwenye kuihuisha mashine kongwe ni daftari, ambamo ataandika tarehe, jaribio, usomaji, na badiliko moja tu lililofanywa, kisha usomaji wa baada yake. Kwani mwenye kubadilisha vitu vitatu kwa siku moja, hata akifaulu, hatajua kilichomfaulisha. Shaba na chuma vya mashine iliyoachwa na kiwanda cha mbali vingali na miaka mingi ya kazi ndani yake, na karakana ya Kisugu yenye saa ya kupimia, utepe usionyumbuka na daftari lililoandikwa kwa uaminifu inaweza kuvitumikisha kwa usahihi wa kuridhisha, na kijana anayejifunza hapo akarithi pamoja na mashine sababu ya kila nambari iliyoandikwa ndani yake.